Sekunde Sita za Papa Arbitre

Sikuimaliza. Nimelikana jambo hili mbele ya kikao, mbele ya mama yangu, mbele ya padri aliyeniungamisha, na mara moja mbele ya ukumbi mzima wa chuo kikuu ambako hakuna aliyekuwa ameniuliza. Siku ya fainali ya basketi ya shule za sekondari za Uvira, nikiwa mezani na kibendera chekundu mkononi, nilitakiwa kusali Baba Yetu mpaka neno la mwisho la Waprotestanti, nami niliishia kwenye Amina ya Wakatoliki. Tofauti yake ni sekunde sita. Kwa ajili ya sekunde hizo mtu mmoja alivua filimbi shingoni na hakuivaa tena.

Najua inavyosikika. Msomaji anayekaa mahali penye saa za umeme atadhani tulikuwa tukicheza katikati ya ibada. Basi nimweleze kwanza mtu mwenyewe, maana saa yetu ilikuwa yeye.

Tulimwita Papa Arbitre. Mjini hakuna aliyetumia jina lake, hata mke wake, ambaye alimwita hivyo hasa akiwa amekasirika. Uwanjani alikuwa mwamuzi. Kazini alikuwa karani wa posta. Wakati wa uasi posta ile ilikuwa na dirisha moja, mizani moja, na karani mmoja asiye na barua. Nchi ilikuwa imekatika vipande viwili, serikali kule Kinshasa, waasi huku kwetu, na katikati hapakupita hata kadi ya Krismasi. Lakini kila siku saa moja na nusu asubuhi alifungua dirisha, akafuta vumbi kwenye mizani, akageuza tarehe ya muhuri na kuujaribu juu ya kipande cha gazeti. Kisha akakaa.

"Papa, juu ya nini unafungua?" niliwahi kumuuliza.

"Barua ikifika ikute mulango umefungwa, kosa itakuwa ya nani?"

Jambo moja alilojivunia, na alilitaja hata pasipohusika, ni kwamba katika maisha yake hakuna barua iliyolala mikononi mwake. Ikifika leo, inasomwa leo. Kabla ya uasi aliwahi kuendesha baiskeli mpaka Luberizi kumpelekea mkulima wa mpunga barua moja, akarudi amepakaa vumbi hadi kwenye kope. Barua yenyewe ilikuwa ya kumjulisha mkulima yule kwamba barua ya kwanza ilipotea. Papa Arbitre hakuona cha kuchekesha. "Sasa anajua," alisema.

Viatu vyake vya uwanjani vilikuwa vyeupe kwa chaki ya shuleni, na alipokimbia aliacha nyuma yake kiwingu kidogo, kwa hiyo ulijua daima alikuwa wapi dakika iliyopita. Kitabu cha sheria alikibeba ndani ya mfuko wa plastiki wa unga. Kilikuwa cha Kifaransa, cha enzi za Zaire, na mchwa walikuwa wamekula kurasa kadhaa. Kurasa hizo alisema anazijua kwa kichwa. Hakuna aliyeweza kumbishia, na nilipokua nikagundua kwamba maprofesa wangu wengi walijenga sifa zao kwa njia hiyohiyo.

Alikuwa kijana tayari uhuru ulipofika, na alikuwa na namna yake ya kuieleza historia ya nchi. "Walituambia kila kitu kitabadilika. Bendera ikabadilika, pesa ikabadilika, jina ya inchi ikabadilika, ikarudi. Kutembea na mupira bila kudunda, bado ni kosa." Katika uasi wa kwanza, ule uliokuja baada ya uhuru, alichapwa fimbo kwa kukutwa na filimbi, kwa sababu waliomkamata walidhani ni askari polisi. Katika uasi wetu sisi, mlinzi wa kizuizi cha barabarani aliichukua filimbi yake na kuipuliza kwa mzaha. Papa Arbitre alisubiri amalize, kisha akamwonyesha jinsi ya kuweka ulimi. Alirudishiwa filimbi. Yule mlinzi, nasikia, alipuliza vizuri tangu siku hiyo.

Kuna hadithi nyingine ambayo Uvira kila mtu anasema aliiona, hivyo uwanja ule ungekuwa na nafasi ya watu elfu hamsini. Mimi niliiona kweli. Kapteni mmoja wa waasi aliingia kucheza na wanafunzi siku ya mazoezi, akaacha bastola yake benchini juu ya taulo. Akachukua mpira, akatembea nao hatua nne kama mtu anayebeba mtungi, akafunga. Filimbi ikalia. Kapteni akageuka taratibu.

"Mzee, unajua minye ni nani?"

"Weye ni namba saba," akasema Papa Arbitre, akazungusha mikono yake mbele ya kifua kuonyesha kosa, akaashiria mpira uende upande wa pili.

Tulitazama ile taulo. Kapteni naye aliitazama. Kisha akacheka, akaupeleka mpira mwenyewe. Nilisimulia kisa hiki kwa miaka mingi kama mfano wa ujasiri. Siku hizi nadhani hakuwa jasiri hata kidogo. Kwa kweli hakuwa ameona bastola. Alikuwa akitazama miguu.

Na mtu huyuhuyu, asiyemwachia hata kapteni hatua moja, alikuwa mwizi wa wazi katika igisoro. Jumapili baada ya kanisa alikaa na majirani mbele ya ubao wenye mashimo, na kete zikatoweka chini ya kiganja chake mchana kweupe. Wakimlalamikia alinyoosha mikono mitupu. "Hapa haiko arbitre," alisema, na kuendelea kula kete zao. Nilimuuliza kama dhamiri haimsumbui. Alinijibu kwamba dhamiri ni kama filimbi, huwezi kuipuliza siku saba.

Sasa kuhusu Baba Yetu.

Katika basketi, timu yenye mpira haina ruhusa ya kukaa nao mpaka jua lizame. Lazima irushe kuelekea kikapuni kabla ya muda fulani kwisha, la sivyo mpira unakwenda kwa wapinzani. Sisi tuliujua muda huo kuwa sekunde thelathini. Tulikuwa na saa ya kuzihesabu, ya kubonyeza, mpaka askari mmoja alipoipenda sauti ya kile kitufe na kuondoka nayo. Ikasemekana anaitumia kupimia maharage jikoni. Tukabaki na saa za mkononi, nazo karibu zote hazikuwa na mshale wa sekunde. Ya kocha wa shule ya Songo, wapinzani wetu wa fainali, ilikuwa nao, aliinunua Bujumbura, lakini Papa Arbitre aliikataa. "Saa ya kocha ni kocha," alisema.

Kabla saa ile haijachukuliwa, alikuwa amepima jambo. Baba Yetu ya Kiprotestanti, ikisemwa kwa mwendo wa shemasi asiye na haraka, pamoja na ule mwisho wao wa ufalme na nguvu na utukufu, inachukua sekunde thelathini. Alijaribu mara nyingi, nyumbani na uwanjani, akiwa ameshiba na akiwa na njaa. Thelathini.

Kila shule iliyofika fainali ilitoa mtu mmoja wa mezani. Songo walitoa kijana wa kuandika pointi, na kushika dakika za mchezo kwa saa ya baba yake. Shule yetu, iliyokuwa upande wa bandari ya Kalundu, ilinitoa mimi kuwa mhesabu wa sekunde, wa kuanza sala timu ikipata mpira na kuinua kibendera sala ikiisha, kwa sababu nilikuwa na sauti ndogo na sifa ya uchaji ambayo sikuistahili. Papa Arbitre alinifundisha pale posta, mimi upande huu wa kaunta, yeye upande ule.

"Weye mukatolika, unaisha mbio," alisema nilipofika Amina. "Baba Yetu yenu inapungukiwa sekunde sita."

Ikabidi nijifunze ule mwisho. Mama alinisikia nikiurudia jikoni, akaniuliza kama nimebatizwa upya bila kuambiwa.

Katikati ya mazoezi hayo, kocha wa Songo akarudi tena kutoka Bujumbura na habari. Alikuwa mwalimu wa jiografia, mtu wa suruali zilizopigwa pasi, na kwake kila jambo la Bujumbura lilikuwa limethibitishwa. Dunia imebadilisha sheria, alisema. Sekunde za kurusha si thelathini tena, ni ishirini na nne. Za kuvuka nusu ya uwanja si kumi, ni nane. Hata mchezo haugawanywi mara mbili, unagawanywa mara nne.

Kikao kikaitwa katika darasa la shule ya msingi, watu wazima wakakunja magoti chini ya madawati ya watoto. Niliandika kumbukumbu, kwa sababu ya mwandiko. Waliohudhuria walikuwa makocha, Papa Arbitre, na bwana wa vijana na michezo aliyewekwa na waasi, ambaye alikuja na kalamu tatu mfukoni na hakutumia hata moja.

"Batu ya Burundi banacheza makumi mbili na ine," kocha wa Songo akasema. "Rwanda, vilevile. Sisi tutabaki na makumi tatu kama tuko mu makumbusho?"

"Barua iko wapi?" akauliza Papa Arbitre.

"Barua gani, Papa? Nimeona kwa macho yangu."

"Macho haina muhuri."

Bwana wa michezo akainua kidole. Alitaka kujua kama hiyo ishirini na nne imepitia Kinshasa. Maana kama imepitia Kinshasa, alisema, basi ni sheria ya adui.

"Imetoka mbali kuliko Kinshasa," akasema kocha. "Imetoka Ulaya."

"Lakini shirikisho la basketi liko Kinshasa."

"Liko."

"Basi adui ameikubali."

Hapo makocha wakainamia madawati yao, kwa kuwa hoja ilikuwa ya kijinga na ilikuwa na bunduki nyuma yake. Ndivyo sekunde thelathini zilivyogeuka kuwa msimamo wa uasi, pasipo yeyote kukusudia. Papa Arbitre hakufurahia ushindi wa namna hiyo. Alisema yeye hapigani na Kinshasa wala na Ulaya. Barua ikifika, isomwe mbele ya wote, na kesho yake tutacheza ishirini na nne. Isiposomwa, ni thelathini. Kubadilisha sheria bila kuwasomea wachezaji ni kuwaibia.

Kocha akaona ameshindwa, akajaribu mzaha. "Kama shida ni kuhesabu, haiko shida. Huyu mutoto aache tu kile kipande cha Waprotestanti. Inakuwa makumi mbili na ine kamili. Tugeuke wakatolika."

Nusu ya darasa ilicheka, na nusu nyingine haikucheka, na ukiniuliza ni nani alikuwa katika nusu ipi ningeweza kukuambia kila mmoja anasali wapi. Papa Arbitre alikunja kitabu chake. Tulipiga kura kwa mikono. Thelathini zikapita. Niliandika vizuri sana, na ule mzaha wa kocha sikuuandika, lakini ulibaki kichwani mwangu kuliko yote niliyoyaandika.

Fainali ikawa Jumamosi alasiri. Dakika ya mwisho tulikuwa mbele kwa pointi moja, na mpira ulikuwa wa Songo. Walikuwa na mchezaji mrefu aliyeshuka kutoka milima ya Mulenge kuja kusoma, kijana mtulivu, na wote tulijua kwamba wanautunza mpira mpaka umfikie yeye. Nikaanza kusali. Mpira ukapita huku, ukapita kule. Nikafika Amina yetu.

Ningependa kusema kwamba niliteleza. Kwa sehemu ni kweli. Ulimi uliishia pale ulipozoea kuishia tangu utotoni. Lakini baada ya hapo palikuwa na kipande cha kimya, kifupi sana, ambamo nilijua kabisa kwamba yamebaki maneno mengine, na nikaona yule mrefu ameshapata mpira na mbele yake hakuna mtu. Sikuusukuma ulimi. Niliinua bendera.

Filimbi ikalia. Mpira wa yule mrefu ulikuwa hewani tayari, ukaingia bila kugusa chuma. Haukuhesabiwa. Tukapewa mpira, tukautunza, dakika ikaisha, tukashinda.

Jumatatu kikao kikarudi kwenye madawati yaleyale. Kocha wa Songo alikuja na saa yake imefunguliwa mkononi kama ushahidi wa mauaji. Alikuwa amehesabu. Filimbi ilipigwa sekunde ishirini na nne kamili, alisema, wakati sheria iliyopigiwa kura ni thelathini. Alitetea thelathini kwa nguvu ambazo sikuwahi kuziona akizitumia kwa ishirini na nne. Kisha akamgeukia Papa Arbitre.

"Papa, sema tu. Kalundu walikununua na nini?"

Bwana wa michezo akanigeukia mimi.

"Weye mutoto, ulisali mpaka mwisho?"

"Nilisali mpaka mwisho."

"Na ile ya Waprotestanti?"

"Yote."

Nilikuwa na miaka kumi na saba, na sijawahi kusema uongo kwa ufasaha namna hiyo tena, ingawa nimeandika tasnifu. Papa Arbitre alinitazama kwa muda. Kisha akasema maneno mawili tu: "Meza haikukosea." Akavua filimbi, akaiweka juu ya dawati la mtoto, kwenye tundu la wino, na akatoka. Ushindi wetu ulibaki, maana mchezo uliokwisha haurudiwi. Lakini mjini ikawa habari imekubalika kwamba aliuza fainali. Watoto walimpigia miluzi njiani. Baadaye alifunga dirisha la posta, akahamia Luberizi kulima mpunga.

Nami nikaenda kusoma. Nimekuwa mtu wa kuandika makala kuhusu ukweli na wajibu, na katika kila makala kulikuwa na sekunde sita zilizokosekana. Niliamini kwamba alijua nimedanganya, na kwamba alinikinga kwa sifa yake yote. Hilo ni deni lisilopendeza, lakini lilikuwa pia, nakiri, heshima fulani. Si kila mtu ana mzee aliyejitoa sadaka kwa ajili yake. Nilimtembeza kichwani mwangu kama mtakatifu, na mimi nikiwa mkosaji wake rasmi.

Namba yake ya simu nilipewa na kocha wa Songo, ambaye sasa amestaafu Bukavu na bado ananisalimia kwa kunionyesha saa. Nilimpigia mzee mwezi uliopita, mchana, kabla ya kuandika neno lolote la ukurasa huu. Nyuma yake nilisikia watu wakigonga mabati kufukuza ndege shambani.

"Papa Arbitre, ni yule binti wa mezani. Wa Kalundu."

"Ule mukatolika," akasema mara moja.

Nikamwambia. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri, lakini yalitoka mafupi: kwamba niliinua bendera mapema, kwamba niliacha mwisho, kwamba nilidanganya na yeye akapoteza filimbi kwa ajili yangu. Mabati yaligongwa kwa muda mrefu.

"Bendera?" akasema. "Minye sikuonaka bendera."

"Niliinua, Papa."

"Labda uliinua. Minye nilikuwa nimeshapiga filimbi. Sikiliza, mama. Ile Jumamosi asubuhi, mama mumoja wa samaki alitoka Bujumbura, akaniletea bahasha. Ile barua. Muhuri na kila kitu. Makumi mbili na ine."

Nilihamishia simu sikio la pili.

"Ningesoma siku ile, fainali isingechezwa, wangepigana mupaka kesho. Nikasema, itasomwa Jumatatu. Nikaiweka hapa mu mufuko ya shati. Barua ya kwanza kulala mu mikono yangu. Mupira muzima na minye nilihesabu kimoyomoyo makumi tatu. Ile ya mwisho, sijue. Ile karatasi ilikuwa hapa kwa kifua. Nilifika makumi mbili na ine, mukono ikapeleka filimbi yenyewe."

"Na Jumatatu hukuisoma."

"Ningeisoma namna gani? Wangesema niliificha. Na niliificha. Nikasema meza haikukosea, juu ndiyo ukweli, meza haikukosea, ni minye. Ikisha nikaona mutoto anaapa kwamba alisali yote, nikawaza, anajua filimbi ilitangulia, anadanganya kwa ajili yangu. Miaka yote hii nilikuwa nakuonea haya."

Nilijaribu kubishana. Nilimwambia nakumbuka vizuri, bendera ilitangulia. Nilishangaa jinsi nilivyoing'ang'ania. Mtu aliyekaa na dhambi moja kubwa maisha yake yote, hapendi kuambiwa kwamba ilikuwa ya mwenzake.

"Weye ulikuwa na bendera," akasema, na sauti ikawa ileile ya uwanjani. "Nani alikuwa na filimbi?"

"Wewe, Papa."

"Basi. Imeisha." Kisha akauliza: "Ila ile mwisho uliacha, ao hukuacha?"

"Niliacha."

"Unaikumbuka?"

"Naikumbuka."

"Sema."

Nikausema ule mwisho wa Waprotestanti, ofisini kwangu, mlango ukiwa wazi, kwa mwendo wa shemasi asiye na haraka. Upande wa pili nilimsikia akihesabu kwa pumzi, na mabati yakigongwa, na ndege, nadhani, wakiruka.

"Sita," akasema. "Sasa ndiyo makumi tatu."

Akakata simu.